Je, bodi yangu inahitaji osiloskopu ya gigahezi 2?

Msomaji mmoja, mhandisi wa elektroniki, ameuliza hivi kuhusu osiloskopu, chombo kinachochora kwenye kioo jinsi volti inavyobadilika kwa wakati: "Tunabuni bodi za kuendeshea mota. Maikrokontrola yetu huenda kwa megahezi 168. Bodi ina mawasiliano ya CAN ya megabiti 1 kwa sekunde, Ethernet ya megabiti 100, na pawasaplai ya kuswichi inayoshusha volti 24 hadi 3.3. Bidhaa ijayo itaongezewa USB ya megabiti 480. Nimebaki na machaguo mawili: osiloskopu ya daraja la kati ya megahezi 350, yenye bit 12 na chaneli nne, au ya daraja la juu ya gigahezi 2, yenye bit 8, ambayo bei yake ni karibu mara tano. Mwenzangu anasema kanuni ni kuzidisha saa ya chipu mara tano, yaani megahezi 840, kwa hiyo ile ya kwanza haifai kabisa. Je, yuko sahihi?"

Nitaanza na jibu, sababu zifuate. Kwa kazi zote ulizozitaja isipokuwa moja, nunua ile ya megahezi 350, na sehemu ya fedha utakazookoa izamishe kwenye probu, yaani vifaa vya kugusia saketi na kuipeleka signali kwenye osiloskopu. Kazi inayobaki nje ni kupima ubora wa signali za USB ya megabiti 480, nayo nitaieleza peke yake huko mbele, kwa kuwa sidhani kwamba inatosha kuwa sababu ya kununua chombo cha bei mara tano.

Kanuni aliyokupa mwenzako haikuzuliwa, ila ameitumia mahali pasipo pake. Megahezi 168 ni mapigo ya ndani ya chipu. Huzalishwa humo humo kutokana na kristali ya nje ambayo kwa kawaida ni ya megahezi chache tu, na hayatoki kwenye pini yoyote usipoamua mwenyewe kuyatoa, kwa hiyo hakuna mahali ambapo probu yako itayagusa. Kinachotoka nje ni hali za pini, na jambo la kuuliza kuhusu pini si kwamba inabadilika mara ngapi kwa sekunde, bali kwamba kila inapobadilika huchukua muda gani kutoka chini kwenda juu. Pini inayowaka na kuzima mara elfu moja tu kwa sekunde inaweza kuwa na ukingo wa nanosekunde 2, na ukingo huo hubeba masafa ya juu kwa kiwango kilekile ambacho ungekikuta kwenye pini inayobadilika mara milioni hamsini. Hivyo, anayechagua osiloskopu kwa kuangalia saa ya chipu huenda akanunua kubwa kupita kiasi, au, jambo baya zaidi, akanunua ndogo akidhani kwamba signali yake ni ya polepole.

Hesabu inayounganisha ukingo na upana wa bendi, yaani zile megahezi au gigahezi zinazotajwa kwa kila osiloskopu, ni fupi. Chukua 0.35, uigawe kwa muda wa kupanda kutoka asilimia 10 hadi 90 ya urefu wa signali, na utapata upana wa bendi unaolingana na ukingo huo. Ukigeuza hesabu hiyo, osiloskopu ya megahezi 350 ina muda wake yenyewe wa kupanda wa nanosekunde 1, na ya gigahezi 2 ina pikosekunde 175 hivi. Kinachoonekana kwenye kioo si ukingo wako mtupu, bali ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya muda wa signali na muda wa chombo. Ukingo wa nanosekunde 5 ukipimwa kwa megahezi 350 utasomeka nanosekunde 5.1, kosa ambalo halitakukosesha usingizi. Ukingo wa nanosekunde 2 utasomeka 2.24, yaani kosa la asilimia 12, ambalo bado unaweza kulisahihisha kwa kurudisha hesabu nyuma. Ukingo wa nanosekunde 1 utasomeka 1.41, na hapo chombo kinakusimulia habari zake chenyewe karibu sawa na habari za bodi yako.

Nitoe tahadhari moja kuhusu namba hiyo ya 0.35. Inafaa kwa vyombo ambavyo mwitikio wake hushuka taratibu masafa yanapopanda, kama ilivyo kwa vingi vya daraja la kati. Vyombo vingi vya gigahezi 1 na kuendelea vimetengenezwa vibaki tambarare hadi karibu na kikomo kisha vishuke ghafla, na kwa hivyo namba sahihi ni 0.4 au hata 0.45. Usihangaike kukisia, tafuta muda wa kupanda kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji na utumie huo. Kumbuka pia kwamba megahezi 350 si mpaka wa usahihi. Ni masafa ambayo wimbi la sine la volti 1 litaonekana kama volti 0.707, kwa hiyo anayetaka kupima urefu wa wimbi kwa kosa lisilozidi asilimia 5 hivi anapaswa kukaa ndani ya theluthi ya kwanza ya bendi, na kwa chombo chako hiyo ni kama megahezi 115.

Sasa tuipitie bodi yako kwa kipimo hicho. CAN ya megabiti 1 haina shida yoyote. Ethernet ya megabiti 100, licha ya jina lake, hutumia ngazi tatu za volti, na kwa sababu hiyo wimbi lake la msingi halizidi megahezi 31.25, nazo kingo zake zimewekewa viwango vya kati ya nanosekunde 3 na 5. Megahezi 350 zinaiona vizuri. Pini za maikrokontrola ndizo zinazotaka uangalifu, lakini chipu nyingi za aina hiyo hukuruhusu kuchagua kasi ya kila pini kwa programu, na katika bodi ya mota hakuna sababu ya kuiacha kila pini kwenye kasi ya juu kabisa. Ukiipunguza, unapunguza pia kelele za redio zitakazokusumbua siku ya vipimo vya uidhinishaji. Swichi za mota zenye transista za silikoni huchukua makumi ya nanosekunde kubadilika. Hadi hapo sijaona kitu kinachoililia gigahezi 2.

Nimesema fedha zizame kwenye probu, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo wanunuzi wengi hupoteza kile walichodhani wamekinunua. Probu ya kawaida ya moja kwa kumi, yaani inayoigawa signali kwa kumi, ile inayokuja ndani ya kasha, huandikwa megaohmu 10, na mtu huridhika kwamba haiwezi kuisumbua saketi. Lakini kando ya megaohmu hizo pana kapasitansi ya pikofaradi 10 hivi, na kwa masafa ya megahezi 100 kapasitansi hiyo ni sawa na kuifunga saketi yako kwa ohmu 159. Ikifika megahezi 350 ni ohmu 45. Probu nyingi za aina hii huishia megahezi 500, na chache tu zilizotengenezwa kwa kapasitansi ndogo zaidi hufika gigahezi 1. Mtu anayechomeka probu kama hiyo kwenye osiloskopu ya gigahezi 2 amenunua gigahezi 2 ili aone megahezi 500.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye waya wa ardhi wenye klipu. Kila milimita ya waya huo ina induktansi ya takriban nanohenri 1, kwa hiyo waya wa sentimita 15 una nanohenri 150, nazo pamoja na pikofaradi 10 za probu hufanya saketi inayotikisika kwenye megahezi 130 hivi. Ukingo wowote mkali ukiingia hapo, utaona mtikisiko mzuri wa kuvutia ambao haumo kwenye bodi. Niliwahi kutumia siku mbili nzima nikiongeza kapasita na kubadilisha rezista ili niuue mtikisiko wa namna hiyo kwenye pawasaplai, na haukupungua hata kidogo, mpaka nilipoufupisha waya wa ardhi ukatoweka. Osiloskopu haikuwa na kosa, bodi haikuwa na kosa; kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la sentimita 15. Chombo cha gigahezi 2 kingenionyesha uongo uleule kwa ufasaha zaidi. Springi fupi ya ardhi inayovishwa kwenye ncha ya probu, ambayo wengi huitupa pamoja na kasha, ndiyo iliyonifundisha adabu.

Kwa kingo kali kuna njia ya zamani ambayo bado naiona kuwa ya thamani kuliko probu nyingi za kununua. Chukua kebo ya koaksi ya ohmu 50, uitie rezista ndogo ya ohmu 450 kwenye ncha yake, uiunganishe na pembejeo ya ohmu 50 ya osiloskopu. Umepata probu ya moja kwa kumi inayoielemea saketi kwa ohmu 500 na karibu hakuna kapasitansi, na ikitengenezwa kwa uangalifu hufika gigahezi kadhaa. Ohmu 500 zinasikika kuwa chache mbele ya megaohmu 10, lakini probu ya pikofaradi 10 nayo hushuka hadi ohmu 500 kwenye megahezi 32 tu, na juu ya hapo rezista yako ndiyo inayoielemea saketi kwa uzito mdogo. Sharti lake ni kwamba pini inayopimwa iweze kutoa mkondo: volti 3.3 kwenye ohmu 500 ni miliampea 6.6. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipia chombo cha daraja la kati, hakikisha kwamba kina pembejeo ya ohmu 50 inayochaguliwa kwa kitufe, maana baadhi ya vyombo vya chini hawakuiweka. Kinyume chake, vyombo vingi vya kasi kubwa sana vina pembejeo ya ohmu 50 pekee na havivumilii zaidi ya volti 5 hivi, na katika karakana ambamo volti 24 zipo kila mahali, hiyo ni ajali inayosubiri mtu aliyechoka.

Transista ya juu katika daraja la mota, yaani ule mpangilio wa swichi zinazoiendesha mota, ni jambo jingine. Mguu wake wa chini hauko kwenye ardhi, bali hupanda na kushuka pamoja na mota, kwa hiyo huwezi kuibandika klipu ya ardhi hapo bila kuiunguza saketi. Unahitaji probu ya tofauti, yaani ile inayopima volti kati ya nukta mbili bila kujali ardhi iko wapi. Probu hiyo, pamoja na probu ya mkondo, itakupa majibu kila wiki ya kazi yako. Upana wa bendi wa ziada ungekupa majibu labda mara mbili kwa mwaka.

Tuje kwenye bit, ambako daraja la juu ulilotajiwa linashindwa waziwazi. Bit 8 hugawa kioo katika ngazi 256, na bit 12 katika ngazi 4,096. Ukipima signali inayojaza volti 8, ngazi moja ya chombo cha bit 8 ni milivolti 31, na ya chombo cha bit 12 ni milivolti 2. Kelele za ndani hula sehemu ya bit hizo katika vyombo vyote viwili, na mtengenezaji mwaminifu huchapisha idadi ya bit zinazobaki kwa kila masafa. Iulizie namba hiyo, usiridhike na ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya chombo. Hata hivyo tofauti hubaki kubwa. Anayetaka kuona mkondo wa mota ukitetema kidogo juu ya wimbi kubwa, au kuona jinsi volti inavyozama wakati transista inapofunguka, anahitaji ngazi hizo.

Zaidi ya hayo, bendi pana haiji bure. Kelele za pembejeo hukua kwa kipeuo cha pili cha upana wa bendi, kwa hiyo vyombo viwili vyenye ubora sawa wa pembejeo, kimoja cha megahezi 350 na kingine cha gigahezi 2, vitatofautiana kwa kelele karibu mara 2.4, na cha bendi pana ndicho chenye kelele zaidi. Mlango ulio wazi zaidi huingiza vumbi zaidi. Mawimbi madogo ya pawasaplai yako ya volti 3.3, ambayo huenda ni milivolti 10 au 20, hupimwa kwa kuibana bendi hadi megahezi 20, na si kwa probu ya moja kwa kumi, kwa sababu probu hiyo huigawa signali kwa kumi kisha osiloskopu huikuza tena pamoja na kelele zake. Kebo fupi ya koaksi iliyochomelewa kwenye miguu ya kapasita ya mwisho inatosha. Kwa kipimo hicho, fedha za gigahezi 2 zingekuwa zimekununulia kitu ambacho utakizima kwa kitufe.

Kuhusu kasi ya kuchukua sampuli na kumbukumbu nitakuwa mfupi, ila kuna mtego mmoja. Chombo kinachotangaza sampuli bilioni 5 kwa sekunde mara nyingi hugawana kasi hiyo kati ya chaneli, na ukiziwasha zote nne hubaki bilioni 1.25 kwa kila moja, ambazo kwa megahezi 350 ni mara tatu na nusu tu ya bendi. Inatosha, lakini haina akiba. Kumbukumbu nayo huamua kasi hiyo itadumu kwa muda gani. Ukitaka kuona milisekunde 100 za mwanzo wa mota kwa kumbukumbu ya nukta milioni 10, chombo kitalazimika kushuka hadi sampuli milioni 100 kwa sekunde, na chochote kilicho juu ya megahezi 50 kitajikunja na kuonekana kama wimbi la polepole ambalo halipo. Kwa kazi ya mota ningeomba nukta milioni 100 au zaidi, na ningezithamini kuliko megahezi za ziada.

Idadi ya mawimbi yanayochorwa kwa sekunde pia ina maana kwa anayewinda hitilafu adimu. Chombo kinachochora mara 1,000 kwa sekunde, kila mara kikitazama mikrosekunde 1, kimeifungulia saketi jicho kwa sehemu moja tu katika elfu ya muda wote. Kinachochora mara 100,000 kimefikia sehemu moja katika kumi. Baadhi ya vyombo vya daraja la kati huvipita vya daraja la juu katika jambo hili, kwa hiyo usidhani kwamba bei inapanda na kila kitu.

Nimeiahidi USB. Kwenye megabiti 480 kila bit huchukua nanosekunde 2.08, wimbi la msingi la data inayopokezana moja na sifuri ni megahezi 240, na ukingo mkali kabisa unaoruhusiwa ni wa pikosekunde 500. Chombo cha megahezi 350 kitaliona wimbi la msingi na kuikosa hamoniki ya tatu, yaani wimbi la masafa mara tatu ya hilo la msingi, iliyo kwenye megahezi 720. Ukingo wa pikosekunde 500 utausoma kama nanosekunde 1.1, na ule mchoro wa jicho unaotumiwa kuhukumu ubora wa signali utakuwa wa mviringo na hauna thamani ya kisheria wala ya kihandisi. Hapo gigahezi 2 zina kazi halali, pamoja na probu ya tofauti ya bendi hiyohiyo na programu ya vipimo, na vitu hivyo viwili mara nyingi havimo kwenye bei uliyotajiwa. Lakini kipimo hicho hufanywa mara chache: bodi ya kwanza ikiwa tayari, na tena baada ya mabadiliko makubwa. Kodi chombo kwa wiki moja, au ipeleke bodi kwenye maabara ya vipimo ambayo tayari ina vifaa vyote. Wakati wa ubunifu, kinachoiokoa USB ni njia za shaba zenye ohmu 90 kati ya nyaya mbili, zilizo fupi na zisizovuka mpasuko kwenye tabaka la ardhi, na makosa ya mazungumzo kati ya vifaa huonekana vizuri zaidi kwenye kichambuzi cha itifaki kuliko kwenye osiloskopu yoyote.

Ungeniambia kwamba bidhaa ijayo ina kumbukumbu za DDR3 zinazokwenda mara milioni 1,600 kwa sekunde, au USB ya gigabiti 5, ningekuandikia barua tofauti, ila hata hapo nisingekuelekeza kwenye gigahezi 2. Wimbi la msingi la gigabiti 5 ni gigahezi 2.5, lililo juu ya kikomo cha chombo hicho, na hamoniki yake ya tano iko kwenye 12.5. Hii ndiyo hoja yangu kubwa dhidi ya chaguo lako la pili: ni kubwa mno kwa bodi ulizonazo na ni dogo mno kwa bodi ambazo zingelidai. Juu yake ngazi ni ndefu, na tangu 2018 zimekuwapo osiloskopu za gigahezi 110, kwa hiyo hakuna kiwango ambacho mtu hununua akawa ameikomboa kesho yake yote.

Muulize pia muuzaji kama chombo cha megahezi 350 kinaweza kufunguliwa kwa leseni hadi megahezi 500 au gigahezi 1 bila kubadilisha mashine. Vingi vya daraja la kati huuzwa hivyo, na leseni hiyo unaweza kuinunua siku utakapoihitaji.

Kabla ya kulipa, omba chombo kije kwenye meza yako kwa siku moja pamoja na probu utakazonunua, kisha fanya jambo moja. Weka pini ya maikrokontrola kwenye kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na programu, iwashe na kuizima, na upime ukingo wake kwa ile kebo yenye rezista ya ohmu 450. Ukisoma nanosekunde 2 au zaidi, toa oda. Ukisoma nanosekunde 1.1 au pungufu, unachokiona kwa sehemu kubwa ni muda wa chombo chenyewe. Ikiwa bidhaa yako inazihitaji kweli kingo hizo, chukua leseni ya gigahezi 1 katika daraja hilohilo la kati, na ikiwa haizihitaji, punguza kasi ya pini kwenye programu na upime tena.